Miezi mitatu, basi! Garanti ya Bunia na milango iliyobaki Kilo

Jamaa inayotoka Kilo na kufika Bunia ikitafuta mlango wa kupanga haikawii kuulizwa inatoka wapi. Ikisema Kilo, bei inapanda. Watu wa Kilo ni watu wa dhahabu, ndivyo inavyosemwa, kwa hiyo hawawezi kushindwa na garanti ya miezi mitano au sita. Msemo huo ni wa uongo na unapaswa kuachwa leo, si kesho. Dhahabu ya Kilo inajulikana tangu mwaka 1903, na tangu wakati huo imejenga mengi, lakini mbali na Kilo. Mama aliyekimbia na watoto wanne na sufuria mbili hana hata gramu moja kwenye kitambaa chake. Alicho nacho ni namba ya simu ya shangazi yake wa Mudzi-Pela, na shangazi huyo amekwisha kupokea jamaa zingine mbili.

Tena kuna swali ambalo komisionera na mwenye nyumba wa Bunia hawaliulizi. Huyo mama anayesimama mbele yao akiomba apunguziwe, mara nyingi naye ni mwenye nyumba. Kule Kilo ana parsele. Ndani ya parsele kuna nyumba ya milango mitatu au minne, ya matofali ya udongo, manjanja juu, choo kimoja nyuma. Mlango mmoja alikuwa anakaa mwenyewe. Mwingine alikuwa amempangisha mwalimu, mwingine wachimbaji wawili, mwingine kijana anayeuza vokosha za simu. Malipo ya milango hiyo ndiyo yalikuwa minervale ya watoto na dawa ya malaria. Leo milango iko pale, watu wako ndani, na malipo hayafiki. Kwa hiyo anadaiwa Bunia na hadaiwi mtu Kilo. Ni mwenye nyumba asiye na malipo na mpangaji asiye na garanti, vyote viwili katika mtu mmoja.

Mambo hayo mawili yanaenda pamoja, na makosa yake ni yale yale. Yaanzwe na Bunia.

Nchi hii ina sheria ya kupangisha nyumba. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Inasema mkataba wa kupanga uandikwe. Inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Inasema mtu akitaka kumtoa mpangaji, au mpangaji akitaka kutoka, atoe habari mapema, miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Haisemi kwamba mtu wa Kilo alipe zaidi ya mtu wa Bunia. Haisemi kwamba aliyekuja na godoro kichwani alipe zaidi ya anayefanya kazi katika shirika la kigeni. Miezi mitatu, basi.

Lakini nenda Nyakasanza, nenda Saio, nenda Lumumba, uliza. Utaambiwa miezi minne, mitano, sita. Juu yake komisionera anataka mwezi mmoja wake, na kabla ya hapo anataka pesa ya kutembea ili akuonyeshe nyumba, hata kama ni nyumba ambayo amewaonyesha watu kumi na ambayo imekwisha kuchukuliwa. Chukua nyumba ya dola 30 kwa mwezi. Kwa sheria, mpangaji anaweka dola 90. Kwa desturi ya miezi sita anaweka dola 180, halafu 30 za komisionera, halafu mwezi wa kwanza. Hizo ni dola 240 kabla mtoto hajalala ndani usiku mmoja. Mtu anayepakua mizigo sokoni kwa siku atazipata wapi? Hazipati. Anakwenda kambini Kigonze chini ya bashi, au jamaa tatu zinajibana katika chumba kimoja, na baadaye kartiye nzima inashangaa kwa nini choo kimejaa na kipindupindu kimeingia.

Wenye nyumba wanalo jibu lao, na si jibu la kijinga. Wanasema: benki haimpi mtu mdogo pesa ya kujenga. Ukitaka kuongeza mlango, kununua manjanja au kuchimba choo kipya, pesa inatoka wapi kama si kwenye garanti? Hilo ni kweli. Kwa watu wengi wa Bunia garanti ndiyo benki. Ila basi yasemwe waziwazi yalivyo: garanti ya miezi sita ni mkopo ambao maskini aliyekimbia vita anampa mtu mwenye nyumba, bila faida, bila karatasi, na bila kujua siku ya kurudishiwa. Hakuna benki duniani inayokopesha namna hiyo. Anayefanya hivyo ni mkimbizi peke yake, maana hana mahali pengine pa kulaza watoto.

Na mkopo huo haurudi. Kila mtu Bunia anajua mchezo unavyokwenda. Garanti ya mpangaji wa kwanza imekwisha kuliwa katika manjanja, au katika harusi, au katika matibabu. Siku anapotaka kutoka anaambiwa: ngoja, tutafute mwingine, garanti yake ndiyo itakayolipa yako. Kwa hiyo anayeingia analipa deni la anayetoka, na mwenye nyumba anabaki kati, kila mara akihitaji mtu mpya, na kila mara akihitaji garanti kubwa kidogo kuliko ile ya jana ili imbakizie kitu. Hapo ndipo miezi mitatu inakuwa minne, minne inakuwa sita. Hakuna aliyekaa akaamua. Deni ndilo linalosukuma.

Wapangaji nao wamejifunza. Mpangaji akijua kwamba garanti hairudi, anaila. Miezi ya mwisho halipi, anakaa tu, anahesabu mpaka garanti iishe, kisha anapakia vitu kwenye moto alfajiri. Mwenye nyumba anaingia na kukuta mlango umevunjika, kioo hakipo, bili ya umeme haijalipwa, na mfuko wake mtupu. Analia kwamba wapangaji ni wezi. Yeye ndiye aliyewafundisha. Garanti iliwekwa kwa ajili ya mlango uliovunjika na kioo kilichopotea, si kwa ajili ya harusi. Mwenye nyumba ambaye anaweka miezi mitatu ya mpangaji wake pembeni, asiiguse, halafu siku ya kutoka wanaangalia nyumba pamoja na kuhesabu kilichoharibika, huyo haliwi garanti. Wako wachache wanaofanya hivyo Bunia, wengi wao mama wajane wenye milango miwili, na milango yao haikai wazi hata wiki moja.

Sasa Kilo.

Wakati wa mkoloni, kampuni ya dhahabu ilijenga kambi za wafanyakazi, na nyumba ilikuja pamoja na kazi. Kazi ikiisha, nyumba inaondoka. Nyumba ya kupangisha ya mtu binafsi, milango mitatu katika parsele ya baba, ilienea zaidi kampuni ilipodhoofika na wachimbaji wa mikono wakaja kwa wingi. Ni biashara ya watu wadogo. Na ni biashara ngumu hata wakati wa amani. Mchimbaji anapanga mwezi huu, mwezi ujao amesikia kwamba filo nzuri imetoka sehemu nyingine, anahama usiku. Analipa shimo likitoa. Lisipotoa, anamwambia mama mwenye nyumba angoje PDG wa shimo amlipe kwanza, na PDG naye anangoja mnunuzi. Mama anangoja mwisho wa mstari, nyuma ya watu wote. Hakuna mkataba, kuna daftari la shule lenye majina ya kwanza tu: Papa Dieu, Shefu, Kijana wa Mahagi. Siku ya ugomvi daftari hilo halimsaidii kitu.

Vita vilipoanza tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, na CODECO na makundi mengine yakaendelea kushambulia vijiji na machimbo, wenye nyumba wengi walikimbia bila kufunga. Wengine nyumba zao zilichomwa, na kwa hao maneno ya malipo hayana maana tena. Lakini nyumba nyingi zilibaki, na nyumba iliyobaki haikai tupu mahali penye dhahabu. Wameingia wachimbaji. Wameingia wakimbizi wengine kutoka vijiji vya ndani zaidi, ambao nao walichomewa. Sehemu zingine wameingia watu wenye silaha, na mwenye nyumba gani atakwenda kugonga mlango huo na daftari la shule?

Hapo yatenganishwe, maana watu wengi wanachanganya. Jamaa iliyokimbia na kuingia katika nyumba tupu ili isife na mvua haijaiba. Hata Bunia mwaka 2003 watu walifanya hivyo, na waliofanya hivyo wengi walitoka vizuri wenyewe waliporudi. Ila mchimbaji anayefanya kazi kila siku, anayekula nyama Jumapili, ambaye amekaa miaka miwili katika nyumba ya mama aliyeko Kigonze na hajatuma hata franka moja kwa simu, huyo ameiba. Na yule jirani au shemeji aliyejifanya msimamizi, anayekusanya malipo ya milango minne kila mwezi na kumtumia mwenyewe maneno ya “hali ni mbaya, hawalipi,” huyo ameiba mara mbili. Watu wa Kilo wanawajua. Wanakaa nao kanisani.

Wajane ndio wanaoumia zaidi. Mume akifa, ndugu zake wanasema parsele ni ya ukoo, na malipo ya milango yaende kwao. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haisemi hivyo. Inamtambua mjane kuwa na haki ya kukaa nyumbani mwa mumewe na kupata sehemu ya matunda ya nyumba hiyo pamoja na watoto. Lakini mjane yuko Bunia, shemeji yuko Kilo, na mwenye kuwa karibu na mlango ndiye anayepokea. Wazee wa ukoo wanaokaa kimya juu ya jambo hilo wasijifanye wapatanishi siku nyingine.

Kitu gani kifanyike? Kwanza karatasi. Watu wanacheka wakisikia hivyo: karatasi gani Kilo, wakati ofisi yenyewe imekimbia? Lakini mwenye nyumba yuko Bunia, na Bunia kuna ofisi. Aliyekimbia anaweza kuandika barua ya kumpa mtu mmoja ruhusa ya kusimamia nyumba yake, kwa jina kamili, na kuandika milango ni mingapi, nani yuko ndani, analipa kiasi gani, na pesa inatumwa kwa namba gani. Barua hiyo iwekwe sahihi mbele ya shahidi wawili wa Kilo walio Bunia, ionekane na shefu wao wa groupement kama naye amekimbilia mjini, na nakala ipelekwe Kilo. Siku ya kurudi, nakala hiyo itakuwa na uzito kuliko kelele. Anayekaa katika nyumba naye apewe namba ya simu ya mwenyewe, si ya shemeji tu. Akiwa mtu wa haki atafurahi kujua anamlipa nani. Akikasirika, basi imejulikana.

Na malipo yapunguzwe. Hili wenye nyumba wa Kilo walio Bunia hawapendi kulisikia. Wanataka bei ya kabla ya vita, na deni la miezi yote tangu walipokimbia. Hawatalipata. Mwalimu aliyebaki Kilo, ambaye mshahara wake unachelewa na ambaye shule yake imefungwa mara ngapi, analinda nyumba kwa kukaa ndani yake. Nyumba isiyo na mtu inaondolewa manjanja usiku mmoja. Mwenye busara atasema: lipa nusu, ziba panapovuja, usiruhusu mtu achimbe ndani ya parsele. Maana hilo nalo linatokea. Mtu anarudi na kukuta shimo mahali palipokuwa na jikoni. Ardhi ni ya serikali kwa sheria ya 1973, na dhahabu iliyo chini ni ya serikali pia, lakini nyumba na jikoni ni vya aliyejenga.

Upande wa Bunia, mpangaji adai mkataba, hata wa ukurasa mmoja: jina, avenyu, bei, garanti ya miezi mingapi, konteri ya umeme inasoma namba gani siku ya kuingia, choo kinatumiwa na milango mingapi na nani anakiondoa kikijaa. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyopiganisha watu. Katika parsele ya milango sita yenye konteri moja, mwenye friji na mwenye balbu moja wanagawana bili sawasawa, na kila mwezi ni vita. Iandikwe siku ya kwanza. Mwenye nyumba anayekataa kuandika anaogopa nini?

Mara nyingi anaogopa kodi. Hapa nako kuna ukweli. Malipo ya nyumba yanatozwa kodi tangu sheria ya Februari 1969, na Katiba ya 2006 inaiweka kodi hiyo mikononi mwa provinsi. Kiwango kilichozoeleka katika sheria ni asilimia 22. Mjane mwenye milango miwili ya dola 20 akisikia asilimia 22 anaficha daftari, na mtu yeyote angeficha. Mwenye nyumba kubwa anayepangisha shirika kwa dola elfu anakatwa kwenye chanzo na bado anabaki na nyingi. Provinsi ingetaka kweli mikataba iandikwe, ingeanza kwa kutangaza kwamba anayeleta mkataba wa nyumba ndogo hatafuatwa kwa madeni ya miaka iliyopita. Mpaka hapo, kumwambia mtu mdogo alete karatasi ofisini ni kumwambia alete shingo yake.

Wengine wanasema mambo haya yangojee, kwa sababu tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya dharura na mahakama zimekwenda kwa wanajeshi. Si hivyo. Zilizokwenda kwa mahakama za kijeshi ni kesi za makosa ya jinai. Ugomvi wa malipo ya nyumba ni wa kiraia. Unapelekwa kwanza ofisi ya makazi, ile watu wanayoiita Habitat, kutafuta suluhu, na ikishindikana unakwenda mahakama ya amani. Polisi hana kazi ya kuja kutupa godoro la mtu barabarani kwa sababu mwenye nyumba amempa bia mbili. Akija, aombwe karatasi ya hakimu. Hana.

Na komisionera? Kazi yake si haramu, kumtafutia mtu nyumba ni kazi. Ila ni yeye anayemnong’onezea mwenye nyumba kwamba kuna wageni wapya wa Djugu, bei ipandishwe, kwa sababu mwezi wake unakua pamoja na bei. Analipwa na anayetafuta halafu anamtumikia anayepangisha. Komini zote tatu, Mbunya, Nyakasanza na Shari, zina uwezo wa kumwandikisha kila komisionera, kumpa kadi yenye picha, na kuandika kwenye kadi hiyo bei ya kazi yake. Waendesha moto waliandikishwa na kuvalishwa gile, na wao hawabebi garanti ya mtu.

Meya na maburugumesta hawaombwi kujenga nyumba. Wanaombwa kubandika kwenye ukuta wa kila ofisi ya kartiye karatasi moja, kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa peke yake, yenye kifungu cha garanti na kifungu cha kutoa habari mapema. Na mashefu wa kartiye, ambao wengine nao wanapangisha milango na kudai miezi sita, waanze na nyumba zao. Shule zinafunguliwa Septemba, na Agosti ndio mwezi wa jamaa kuhama kufuata shule. Karatasi hiyo ikibandikwa Julai itakuta watu bado wana pesa yao mkononi. Ikibandikwa Oktoba, komisionera atakuwa amekwisha kula.